Bibi wa Sehemu ya Kumi na Tano

Siku matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, duka la steshenari la Nyamhanga, jirani na stendi ya Bweri mjini Musoma, lilijaa watu mpaka kizingitini. Wazazi walinyoosha simu zao juu ya vichwa vya wenzao. Wanafunzi walisukumana. Mashine ya kopi ilikuwa imepata moto, na harufu ya wino ilichanganyika na ya jasho.

Katikati ya msukumano huo aliingia msichana mwenye gauni la kitenge cha bluu, kilemba cheupe, na futi ya fundi cherehani ambayo alikuwa amesahau kuivua shingoni. Alikuwa amekumbatia daftari kubwa kifuani.

"Dada, kama ni matokeo, foleni inaanzia kule kwenye feni," Nyamhanga alimwambia bila kuinua macho.

"Siyo matokeo. Ni hadithi. Nataka unichapie."

Mzee mmoja aligeuka. "Hadithi! Sisi watoto wetu wamepata ziro hapa, mwenzetu ana hadithi!"

Watu wakacheka. Nyamhanga akainua macho. Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na miwili, mrefu, mpole wa sauti, shati lake jeupe lina doa la wino mfukoni. Akalipokea daftari, akalifungua katikati, na kwa utani akasoma kwa sauti ili mzee atulie: "Bibi alimfinya binti mpaka ngozi ikabadilika rangi, kisha akamwambia, sasa kateke maji."

Mama mmoja akasema, "Bibi huyo ni shetani."

Msichana alilinyakua daftari. "Nimesema uchape, sijasema usome!"

"Sasa nitachapaje bila kusoma, dada yangu?"

Hata mzee wa ziro akacheka. Msichana naye alitaka kucheka, akajizuia. Akaliacha daftari mezani, akaandika namba ya simu na jina moja tu, Wankyo, kisha akatoka haraka akiangalia barabara pande zote mbili kabla ya kuvuka. Nyamhanga aliona kwamba alichokuwa anakitafuta barabarani hakikuwa gari.

Wankyo alikuwa na miaka ishirini na mitano. Alikuwa na cherehani kwenye baraza la nyumba moja Kitaji, na jioni aliandika hadithi ya mapenzi aliyoituma, sehemu moja kwa wiki, kwenye kundi la wasapu la wanawake mia nne. Hakutumia jina lake. Kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka, hakikubali tena kuandikia, ndiyo maana akaenda Bweri.

Siku ya tatu Nyamhanga alimpigia.

"Nimemaliza, mwandishi. Sehemu zote kumi na nne. Ila nina swali."

"Uliza."

"Huyu bibi yako anapumzikaga saa ngapi?"

"Kupumzika nini?"

"Kufinya. Sehemu ya kwanza anafinya. Ya saba anafinya. Ya kumi na nne bado yupo, anafinya tu. Vidole haviumi?"

Wankyo alicheka mpaka mteja aliyekuwa anapimwa kiuno akamtazama. Kisha akaacha kucheka. "Watu wengine hawabadilikagi, kaka Nyamhanga."

"Inawezekana. Njoo uchukue kazi yako, nikununulie soda, tubishane vizuri."

Alikwenda. Walikaa nyuma ya duka, kwenye viti vya plastiki, wakila karanga. Nyamhanga alikuwa ameacha shule kidato cha pili. Alichokijua alikipata kwenye karatasi alizoletewa na watu kuchapa.

"Nakwambia nilichokiona," alisema polepole. "Mtu anakuja hapa kuandika barua ya malalamiko. Kwenye barua yake, jirani yake ni mbaya tangu Januari mpaka Desemba. Hana siku aliyoumwa, hana siku aliyocheka. Nachapa. Wiki ya pili yule jirani naye anakuja na barua yake, nakuta ana mguu unaomsumbua na mtoto aliyepotea. Ndipo naielewa ile barua ya kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa nimesoma hasira tu, nilikuwa sijamsoma mtu."

"Kwa hiyo unamtetea bibi."

"Simtetei. Namwogopa nusu nusu tu, na wewe unataka nimwogope kweli. Anaanika nini juani? Analia akiwa wapi? Mtu akiwa na vitu vyake, ubaya wake unauma zaidi. Na akibadilika, hata kidogo, mimi msomaji nitajiuliza kama na mimi naweza."

"Umeongea sana leo."

"Ni karanga hizi."

Walianza hivyo. Wiki mbili baadaye Nyamhanga alimwita "mpenzi" kwenye simu kwa bahati mbaya, akaomba radhi, na Wankyo akamwambia asirudie kuomba radhi. Jumapili walitembea kando ya ziwa, yeye amevaa gauni la njano alilojishonea, Nyamhanga akijaribu kumshika mkono na kuuachia kila walipopita watu wa kanisani kwake. Lakini kila pikipiki iliyopunguza mwendo nyuma yao ilimfanya Wankyo asite katikati ya neno. Nyamhanga aliona. Hakuuliza. Alifikiri mtu huambiwa wakati mwenye habari akiwa tayari.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Miaka sita nyuma baba yake Wankyo, wa Mugeta kule Bunda, alipokea ng'ombe kutoka kwa mjane wa kijiji kimoja Butiama aliyeitwa Marieta. Marieta hakuwa na mtoto wa kiume. Kwa desturi ya huko, mwanamke kama huyo anaweza kuoa msichana, na mwanaume wa ukoo akachaguliwa kuzaa naye, ili watoto wabebe jina la nyumba ile, isife. Wanaiita nyumba ntobhu. Mwanaume aliyechaguliwa alikuwa Makongoro, mpwa wa marehemu mume wa Marieta. Wankyo alikaa kwa bibi huyo miezi saba, akifinywa na kufundishwa kazi. Wiki ambayo Makongoro alileta kitanda kipya, akatoroka, mchana wa siku ya mnada. Tangu siku ile hajalala bila kuegemeza kiti mlangoni. Aliwahi kwenda polisi, dawati la jinsia, akaambiwa yeye ni mtu mzima na hakuna anayeweza kumlazimisha kurudi. Alilielewa neno hilo kichwani. Tumbo lake halikulielewa.

Hayo hakumwambia Nyamhanga. Alichofanya ni kukaa na daftari na kuandika sehemu ya kumi na tano.

Alimpa bibi vitu vyake. Aliandika jinsi alivyokuwa anaanika betri za redio juani ili apate dakika kumi zaidi za kwaya. Aliandika makaburi matatu madogo nyuma ya zizi, ya watoto wa kiume ambao hawakufika mwaka mmoja, na bibi akiyapalilia huku akiyasemesha kwa ukali kama watoto waliochelewa shule. Kisha mkono ukaandika jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelisahau: binti alipougua malaria, bibi alimkanda kwa maji ya vuguvugu usiku kucha, na asubuhi akamfinya kwa kosa la kumtia hofu. Mwishoni binti anaondoka mchana, bibi amelala ameelekea ukutani.

Wankyo alilia juu ya daftari. Nyamhanga alipoichapa, alisimamisha mikono mara mbili. Alimtumia ujumbe mmoja tu: "Sasa namwogopa. Na ninamwonea huruma. Umewezaje?"

Kundi zima lilichafuka. Wanawake walituma sauti za kilio. Wakairusha sehemu hiyo kwa dada zao, dada zao kwa shangazi zao, kutoka Musoma mpaka Bunda, na siku ya nne, saa tano asubuhi, simu ya Wankyo ikaita kwa namba asiyoijua.

"Haloo, fundi Wankyo hapa."

"Siku hizi ni fundi," sauti ikasema, bila haraka. "Betri bado zinaanikwa juani, Wankyo. Niliposomewa nikasema, bibi wa namna hiyo dunia nzima ninamjua mmoja. Namba nimeipata kwenye kundi lenu la Musoma."

Mkasi ulimtoka mkononi.

"Makongoro, niache."

"Musoma mafundi wa kike ni wangapi? Nitaanza na sokoni, nitafika tu. Nyumba ile inakudai jina."

Wankyo hakufunga hata cherehani. Alikwenda Bweri karibu akikimbia, akaingia nyuma ya duka, akafunga mlango kwa mgongo wake, na pale aliposimama akamweleza Nyamhanga yote, tangu ng'ombe mpaka simu. Alisubiri ashikwe mkono. Nyamhanga alikuwa amekaa, rangi imemtoka, anaangalia meza.

"Sema kitu basi!"

"Wankyo, mpenzi, kuna kitu sijakwambia. Mimi ni mtoto wa nyumba hiyo."

"Nyumba gani?"

"Ntobhu. Siyo ya Marieta. Nyingine, huko huko Butiama. Bibi yangu alimuoa mama yangu. Hili jina Nyamhanga ni la mume wa bibi, alikufa miaka kumi kabla sijazaliwa. Bibi ndiye aliyenilea. Nilimpenda kuliko..."

Hakumaliza. Wankyo alikuwa amerudi nyuma hatua moja, macho yake yamekuwa ya mtu mwingine.

"Kumbe ndiyo maana ulimtetea."

"Hapana, sikiliza..."

"Mpe vitu vyake, mpe vitu vyake! Ukanichimba mpaka nikatoa betri, nikatoa makaburi. Bibi wangu alipokuwa anafinya tu, hakuna mtu alimjua! Nilikuwa salama!"

"Sikujua kama ni wa kweli. Nakuapia."

"Wewe ni wao."

Akatoka kwa mlango wa mbele, katikati ya wateja. Nyamhanga alimpigia mara kumi na moja siku ile. Simu ilikuwa imezimwa.

Wankyo alijificha Kigera, kwa rafiki yake Euphrasia, mwanamke mnene mcheshi aliyeuza mitumba.

"Kwa hiyo mwanaume amezaliwa kwenye hiyo nyumba," Euphrasia alisema akimwekea ugali na sato. "Alichagua?"

"Usinianzie."

"Nauliza tu. Mimi nilizaliwa kwa mlevi, ila bia siijui ladha yake. Kula samaki huyo, mtoro wewe."

Hakula. Pikipiki ilipita uchochoroni. Akaweka mkono mdomoni mpaka mlio ukaisha.

Nyamhanga naye alikuwa na hofu yake. Alifunga duka, akaenda Bunda, ambako mama yake Pelagia alikuwa na kibanda cha uji na maandazi karibu na soko. Njia nzima alikuwa na swali moja, na alipofika alikunywa vikombe viwili vya uji kabla ya kulitoa.

"Mama, ulikubali kuolewa na bibi?"

Pelagia aliacha kukoroga. "Una miaka thelathini na miwili. Leo ndiyo unaniuliza?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani nini? Ulikuwaga unasimulia watu bibi alivyokupa maziwa, bibi alivyokubeba mgongoni. Mimi kwenye hadithi zako nilikuwa yule anayeosha vyombo."

Nyamhanga aliweka kikombe chini.

"Sikukubali," mama yake alisema. "Nililia njia nzima. Mwaka wa kwanza alinipiga. Nilipokuzaa alilala mlangoni kwangu juma zima na panga, asiingie mtu kunisumbua. Yote mawili ni kweli. Usichague moja ukaniletea kama ndiyo maisha yangu." Akachukua mwiko tena. "Na huyo msichana?"

"Ananiogopa."

"Ana haki. Usimwambie asiogope. Mwambie ulichokisikia hapa."

Akafanya hivyo. Alirekodi sauti ya dakika tatu, akasema maneno ya mama yake kama yalivyokuwa, na mwisho akaongeza: "Nilikufundisha kuandika mtu, kumbe mama yangu mwenyewe sijawahi kumsoma. Sikuombi urudi. Nilitaka ujue." Akaituma kwa simu iliyozimwa.

Wankyo aliiwasha siku ya pili, kwa sababu ya mteja mwenye gauni la harusi. Alisikiliza ile sauti, akairudia. Akiwa bado ameishika, simu ikaita. Namba ngeni. Euphrasia akamwashiria asipokee. Akapokea.

"Haloo, mimi ni Hana, mke wa katekista, huku Butiama. Namba nimeipata kundini. Kuna mtu hapa nampa simu."

Pumzi nzito. Kisha: "Ni mimi."

Wankyo akakaa sakafuni. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hana amenisomea ile karatasi. Mara mbili." Marieta alikohoa. "Umeandika kwamba nililala."

"Ulilala. Ulielekea ukutani."

"Nani analala saa sita mchana siku ya mnada, na joto lile? Nilisikia mlango. Ulidondosha kikombe, ukakiokota. Nikahesabu hatua zako mpaka kwenye ua wa katani. Makongoro alipokuja nikamwambia umeelekea Mugumu."

Wankyo alibana simu sikioni. "Kwa nini?"

"Sijui. Asubuhi ile bado nilikuwa nakutaka. Mchana nikawa sikutaki kwa namna ile. Wewe ndiye unayeandikaga watu, labda utajua." Alikohoa tena. "Sasa sikiliza. Alhamisi asubuhi Makongoro analeta wazee wa ukoo, waseme wewe bado ni wa nyumba yangu. Nikinyamaza atakufuata huko. Nikisema peke yangu watasema uzee umenivuruga. Njoo useme mwenyewe."

Simu ikakatika.

"Mtego huo," Euphrasia alisema papo hapo.

"Inawezekana."

"Utaenda?"

Wankyo alikuwa tayari anatafuta namba nyingine. Ilipokelewa kabla haijaita mara ya pili.

"Nyamhanga. Usiseme kitu. Naogopa mpaka meno yanagongana. Alhamisi naenda Butiama. Utakuja?"

"Nakuja."

"Na kama ni mtego wao, ukawa upande wao?"

"Basi utajua Alhamisi, mbele ya watu. Nipe saa tu."

Alhamisi Wankyo alivaa gauni la kijani kilichokolea, la mikono mirefu, alilolishona kwa siku mbili ili mikono ipate kazi. Namba ya afisa wa dawati la jinsia aliiweka ya kwanza kwenye simu. Nyamhanga alikuja na gari la kukodi, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe.

"Umependeza," alisema.

"Usinichekeshe, nitatapika."

"Mimi nimeshatapika. Asubuhi."

Akamtazama, akaona ni kweli. Akamsogelea kidogo kwenye kiti.

Uani kwa Marieta walikuwepo wazee watatu, na mkubwa wao, Mzee Silasi, alikuwa na fimbo kati ya magoti. Makongoro alisimama kando ya pikipiki. Kwa miaka sita Wankyo alikuwa amemwona mtu huyo usingizini akiwa mkubwa kama mlango. Sasa aliona mwanaume wa makamo, mwembamba, viatu vimepakwa rangi mpya juu ya nyufa, kidole gumba kinasugua ufunguo bila kukoma. Na yeye alikuwa anaogopa. Jambo hilo halikumpunguzia Wankyo hofu. Mtu mwenye hofu anaweza kupiga. Lakini miguu yake ikakubali kusogea.

Marieta alikuwa amekaa kwenye kigoda, amepungua, kanga yake imefungwa vizuri.

"Huyo kijana ni nani?" aliuliza.

Nyamhanga akasalimia, akajitaja, ukoo na nyumba. Mzee Silasi akainua kichwa. "Wa nyumba ntobhu ya kule mtoni? Basi jambo jepesi! Anaijua desturi. Akae hapa na msichana, watoto waitwe kwa jina la nyumba hii. Makongoro apumzike."

Uso wa Marieta uling'aa ghafla, kama wa msichana. Akamgeukia Wankyo. "Ingewezekana hivyo, mwanangu? Mmoja tu. Wa kiume. Nikafa nimeridhika."

Hapo ndipo Wankyo alipoogopa kuliko siku zote. Kumkatalia Makongoro kungekuwa rahisi. Aliyaona makaburi matatu nyuma ya zizi, yamepaliliwa. Akamtazama Nyamhanga, naye akatikisa kichwa tu, polepole, kwamba neno si lake.

"Hapana, bibi," Wankyo alisema. Akalirudia neno kwa sauti zaidi. "Hapana. Si kwa Makongoro, si kwa huyu. Sitazaa kwa ajili ya nyumba hii. Nakuonea huruma, na bado nasema hapana."

Makongoro akapiga hatua mbele. "Mmesikia kiburi hicho? Mimi nimesubiri miaka sita! Nitazeeka bila nyumba kwa sababu ya..."

"Nyamaza," Marieta alisema.

Kuku walipita kati ya miguu ya wazee. Midomo ya bibi ilitikisika, na mkono wake wa kulia ukanyanyuka, vidole viwili vimekutana, vile vile vya zamani. Wankyo aliuona mkono ule akakaza mwili. Bibi naye aliuona. Akaushusha, akaufunika kwa mkono wa kushoto.

"Andika hivyo, Silasi," alisema. "Amekataa. Na mimi mwenye nyumba nimekubali kukataliwa. Atakayemfuata Musoma anifuate mimi kwanza."

Mzee Silasi alisugua fimbo yake. "Mwenye nyumba amesema," akatamka hatimaye, na wenzake wakaitikia. Makongoro alisimama kidogo kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua, kisha akawasha pikipiki, akaondoka bila kuaga.

Wankyo alipiga goti mbele ya kigoda, akaaga. Marieta hakumgusa. "Nenda," alisema. "Mimi nina kazi zangu."

Ndani ya gari, mbali na kijiji, Wankyo alianza kutetemeka mwili mzima. Nyamhanga akamwomba dereva asimame. Wakashuka, wakakaa kwenye jiwe kubwa kando ya barabara, akamshika mikono yote miwili, na safari hii watu walipita na hakuiachia.

"Wankyo. Najua leo siyo siku yake. Ila nisipouliza sasa nitaogopa mpaka mwakani. Ungekubali nikuoe? Kwa jina lako na langu. Mtoto akija, jina utatoa wewe."

"Leo nimesema hapana nyingi," Wankyo alisema, akifuta macho kwa mkono wa gauni. "Mdomo umezoea. Usiuamini."

"Basi nisubiri?"

Wankyo alitoa simu, akabonyeza namba ambayo miaka sita hakuwahi kuiandika popote wala kuisahau. Ya nyumba moja Mugeta. Iliita mpaka akadhani haitapokelewa.

"Haloo?" sauti ya mwanamke.

"Mama. Ni Wankyo."

Upande wa pili kitu kilianguka.

"Nipo hai, mama. Nipo na mtu anayetaka kunioa. Kabla sijamjibu, nataka nije nikuulize ile siku ng'ombe walipoingia zizini, wewe ulikuwa wapi, na ulisema nini. Nimemwandika kila mtu, wewe sijaweza. Nakuja sasa hivi. Nikukute peke yako."

Nyamhanga akasogeza kichwa asikie.

"Njoo," mama yake alisema. "Hata mimi naogopa. Njoo hivyo hivyo."